Tupeane uzoefu: Selous (sasa Hifadhi ya Nyerere) mliionaje?

Wakuu, kila mbuga ikitajwa ni Serengeti na Ngorongoro. Leo tugeukie kusini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893, kubwa kuliko zote nchini. Mliofika, mwageni mambo. Bei tutaulizana baadaye, kwanza semeni mlichokiona.

Furukombe: Mkuu, ukienda bila kupanda boti hujafika. Gari utapanda kokote, lakini Rufiji iko moja. Sisi tulipita ukingoni taratibu, injini imepunguzwa, kingo za mchanga zimetobolewa matundu mamia, kumbe ni viota vya keremkerem. Wanatoka, wanadaka mdudu hewani, wanarudi shimoni. Chini yao mamba kaachama, hana habari na mtu. Kule kuachama ndiko kupunguza joto mwilini. Ziwa Manze nalo lina vigogo vya mivumo iliyokufa vimesimama majini, na kila kigogo kina mwenyewe: hapa furukombe, pale mnandi anaanika mabawa.

Kipisi: Nenda na TAZARA kutoka Dar, shukia Kisaki. Reli inakatiza kaskazini mwa hifadhi, hivyo ukiwa macho dirishani unaona twiga kabla hujalipa kiingilio. Kuchelewa kwa treni mimi nakuhesabu kama nyongeza.

Mwana Mloka: Hao twiga mmalizane nao huko huko kaskazini, maana ukivuka Rufiji kwenda kusini hawapo. Mto umewazuia. Mgeni akiniuliza aangalie nini, namwambia nyumbu wetu: ana mstari mweupe usoni, chini ya macho. Na mbwa mwitu, ambao Afrika wamebaki sehemu chache sana. Niliwakuta wamelala kivulini, masikio mapana kama sahani, tumbo limejaa. Mmoja akainuka, akapiga chafya, kundi zima likaondoka. Nusu saa tu, kwishney.

Mstaafu: Vijana mnafurahia, vizuri. Sisi tuliokulia enzi za bwana nyama, yaani afisa wanyamapori, tunakumbuka tembo. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuwa karibu 109,000. Ya 2013 ikaleta kama 13,000, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Katikati hapo ilipita hata Operesheni Uhai ya 1989, ile ya kusaka majangili, tembo wakapumua, kisha bunduki zikarudi. Ndiyo maana tembo wengine wa kule wakisikia gari wanakusanya watoto katikati na kutokomea miomboni. Dereva akikataa kusogea karibu, msimnung'unikie.

Kipisi: Mzee, umenifungua macho. Niliwahi kumlaumu dereva kwa hilo hilo.

Swali_Tu: Niende mwezi gani? Na mbung'o je?

Mwana Mloka: Juni hadi Oktoba, maji yamepungua na wanyama wanasogea mtoni. Masika achana nako, barabara zinakuwa tope na kambi nyingi zinafungwa. Mbung'o wapo, hasa kwenye miombo. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, zinawavuta. Madereva wengine hufunga nyuma ya gari kopo la mavi ya tembo yanayofuka moshi. Utanuka, lakini utakaa kwa amani.