Mkeka wa joto au taa ya halojeni? Geko wangu kagoma kula tangu baridi ianze

MtuWaDuluth
Wakuu, habari za jioni. Niko Duluth, Minnesota, nafuga geko chui mmoja (mjusi mwenye madoa, namweka kwenye tangi la kioo), dume. Kiangazi chote alikuwa anarukia nyenje hata sijafunga mfuniko, lakini tangu Novemba iingie anawatazama tu wakimpita puani. Mkeka wake wa joto umechoka, na hela niliyonayo inatosha kitu kimoja: mkeka mpya au taa ya halojeni. Kuna jamaa kaniambia nisinunue chochote, nimwache apumzike, eti hata porini hawali wakati huu. Nyie mngefanyaje?

Halojeni_Daima
Chukua taa, usiumize kichwa. Mkeka unapasha tumbo, hewa ya tangi inabaki baridi vilevile, na baridi ya Minnesota tunaijua. Halojeni inapenya hadi kwenye misuli, na ukiweka jiwe bapa chini yake linatunza joto mpaka jioni, saa ambazo geko anatoka kuwinda.

BiMwanaisha_Leicester
Kabla hatujamtoa mwenzetu hela, mleta mada mbona hujatupa vipimo? Umri, uzito, joto la sakafu upande wa moto, mara ya mwisho kupata choo, taa ya chumba inawaka saa ngapi. Bila hivyo tunapiga ramli.

MtuWaDuluth
Miaka mitatu hivi, nilimchukua kwa mtu aliyekuwa anahama. Joto ni 80 kwenye kile kipimajoto cha kubandika kioo. Choo anapata ila kidogo. Uzito sijapima, mkia bado mnene.

BiMwanaisha_Leicester
Asante. 80 yenu ya Farenhaiti ni kama 27 kwa Selsiasi, tena hilo ni joto la kioo, si la pale anapolaza tumbo. Sakafu ya maficho yake ya moto inatakiwa 31 hadi 33, yaani kama 88 hadi 92 kwenu. Pasipo joto hilo chakula hakisagiki, na yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana anakataa. Kwa hiyo anza na thamostati (kifaa cha kudhibiti joto lisizidi) na kipimajoto chenye waya unaolazwa sakafuni. Mkeka usio na thamostati unaunguza tumbo. Halojeni nayo inataka thamostati ya kupunguza mwanga polepole, siyo ile ya kuwasha na kuzima.

MzeeWaTangi
Nakubaliana na vipimo, ila tusimtishe. Asili yao ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya India, kwenye nchi kavu za mawe. Baridi ikiingia wanajificha kwenye nyufa na kuishi kwa mafuta ya mkia. Wangu joto lake silishushi hata digrii moja, lakini Desemba hadi Februari anakula kwa kubembelezwa. Mwanga wa dirishani unamwambia siku zimefupika. Uzito uko palepale. Na siku zikianza kurefuka, dume anasusa tena kwa kutafuta jike. Kususa peke yake si ugonjwa.

BiMwanaisha_Leicester
Mzee wangu, apunguze kula mwenyewe, sawa. Kumzimia joto ni jambo jingine. Ukimpoza akiwa na nyenje tumboni, wanamwozea humohumo. Huyu hatujui hata uzito wake, asithubutu.

Neema_Toronto
Naomba mnisikilize wote mnaosema "ni msimu". Jike wangu alipunguza kula mwezi wa Desemba. Nikauliza kundi moja la wafugaji, kila mtu akaniambia ni baridi, subiri. Nikampima kwa mizani ya jikoni kila Jumapili. Wiki za mwanzo gramu mbili tatu, nikasema sawa, wamesema msimu. Halafu mkia ukaanza kukonda kuanzia kwenye ncha kupanda juu, mpaka ukawa kama penseli. Kinyesi kikawa cha maji, chenye nyenje ambaye hakusagika, unamwona na miguu yake. Daktari wa wanyama watambaao akachukua choo, majibu yakaja: kriptosporidiamu, kimelea cha tumboni. Hakuna dawa ya uhakika ya kuiondoa. Ikabidi tumpumzishe milele kwa daktari mwezi wa Machi. Kriptosporidiamu haifi kwa dawa ya klorini ya kawaida, kwa hiyo maficho, mkeka, mabakuli, vyote nilitupa. Aliyeniuzia alikuwa anawachanganya kadhaa kwenye tangi moja. Kwa hiyo mleta mada: PIMA UZITO. Geko anayesusa kwa msimu hakondi hivyo. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, peleka choo kwa daktari, usisubiri machipuko.

MzeeWaTangi
Pole sana Neema. Hapo umenyamazisha watu.

Halojeni_Daima
Pole dada. Ila wengine wanasusa kwa kuchoka na nyenje tu. Mpe mende wa dubia, wana nyama na hawapigi kelele usiku.

Neema_Toronto
Huku Canada dubia hawaruhusiwi. Natumia nyenje na mabuu ya unga, nawapaka kalsiamu.

Halojeni_Daima
Mabuu ya unga kila siku? Ganda lile lote?

Neema_Toronto
Kwa geko mwenye joto la kutosha ganda linasagika vizuri. Mabuu ya nta ndiyo ya kuogopa, mafuta matupu, akizoea hataki kingine.

KakaWaKisauni
Wadau, mimi niko Mombasa, huku joto la bure. Naweza kufuga hawa?

BiMwanaisha_Leicester
Kaka, anza na ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai kibali, usinunue kwa mtu wa mtandaoni kabla hujaulizia.

MtuWaDuluth
Mrejesho: amepimwa, gramu 68. Nimenunua kipimajoto cha waya, sakafu ya maficho inasoma 81. Kwa hiyo mkeka umekufa kweli. Thamostati nimeagiza. Bado nagawanyika: tangi langu ni la galoni 20, fupi kwa kimo, naogopa halojeni itapasha mpaka upande wa baridi.

Halojeni_Daima
Weka ya wati ndogo, inua juu ya wavu.

MzeeWaTangi
Kwa tangi hilo mimi ningebaki na mkeka.

Halojeni_Daima
Mzee, chumba chake kikishuka hadi 64 usiku mkeka utafanya nini?

MzeeWaTangi
Usiku hahitaji 90. Hata porini usiku unapoa.

MtuWaDuluth
Kuna mwenye tangi kama langu ametumia halojeni winta nzima? Bili ya umeme ilikujaje?