Uingereza iliangushwa na vita, au ilijiangusha yenyewe?

Jahazi:
Wakuu, tuliongee hili bila jazba. Nchi iliyoita dunia nzima London mwaka 1851 kuja kushangaa mashine zake, Septemba 2024 imezima tanuri la mwisho la kuyeyushia chuma kule Port Talbot, Wales. Msimamo wangu: ni vita viwili vya dunia. 1945 walitoka washindi lakini mfukoni hamna kitu. Mwaka uliofuata wakakopa Marekani dola bilioni 3.75, na wamemaliza kulipa 2006. Nani angesimama na mzigo huo? Watu waliochuma utajiri kwa jasho lao wenyewe, vita vikawamaliza.

Hesabu Kali:
Vita peke yake haitoshi, mkuu. Ujerumani Magharibi ilianzia kwenye kifusi, na kabla miaka ya 1950 haijaisha ilishaipita Uingereza kwa kuuza magari nje. Kilichowaponza ni kuing'ang'ania heshima ya pauni. 1925 Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliirudisha pauni kwenye mfumo wa kufungwa na dhahabu, kwa bei ileile ya kabla ya vita vya kwanza, dola 4.86 kwa pauni moja. Bidhaa zao zikawa ghali huko nje, makaa ya mawe yakakosa wateja, wenye migodi wakataka kukata mishahara, na 1926 nchi nzima ikagoma. Wakubwa wa benki walilinda sura, mchimbaji ndiye aliyelipa.

Kipimo:
Mimi hapo kwenye "jasho lao wenyewe" sipiti. Jasho la nani, Jahazi? Pamba ya Manchester ilichumwa na nani? Sukari je? 1833 walipopitisha sheria ya kufuta utumwa, bunge lilitoa fidia ya pauni milioni 20. Wakapewa wenye watumwa! Aliyetumikishwa hakupata hata peni, tena wengi walishikiliwa kwa mabwana walewale mpaka 1838. Na mkopo uliochukuliwa kulipa fidia hiyo umeisha juzi tu, 2005 kama sikosei.

Jahazi:
Unanilisha maneno. Sijausifia utumwa popote. Nimesema walifanya kazi na walivumbua, na James Watt hakuikuta injini yake ya mvuke shambani kwenye miwa. Halafu ni 2015, siyo 2005.

Kipimo:
2015, asante, umezidi kunipa nguvu. Maana yake mtu aliyetoka Jamaika kwenda London miaka ya 1950 akaendesha mabasi yao, kodi yake imechangia kulipa fidia ya waliowamiliki babu zake. Na wewe unaniambia jasho lao wenyewe. Hilo halikuchomi?

Hesabu Kali:
Jamani, swali lilikuwa kwa nini walishuka.

Kipimo:
Na mimi najibu. Usipokubali walivyopanda, kushuka utakuelezaje? Soko la India lilipoanza kuwaponyoka, viwanda vya nguo vya Lancashire vilianza kufungwa hata kabla ya vita vya pili.

Binti Mlezi:
Mimi nahudumia wazee Stoke-on-Trent, mji wa vyombo vya udongo. Kuna bibi mmoja, mikono inatetemeka, kijiko hakimudu. Lakini kila nikimletea sahani, kabla sijapakua anaichukua, anaigeuza, anatafuta muhuri chini yake. Alianza kupaka rangi vikombe akiwa na miaka 15. Akikuta sahani imetengenezwa nje ya mji wao, anaipitishia kidole gumba ukingoni halafu ananirudishia bila neno. Kaka Kipimo, huyu alimtumikisha nani?

Kipimo:
Dada, ukiishi kwao lazima uwatetee. Riziki yako iko huko.

Binti Mlezi:
Riziki yangu naamkia saa kumi alfajiri, kaka, sipewi na mtu. Hebu soma nilichoandika. Zile milioni 20 hazikufika kwa wapaka vikombe, zilikwenda kwa wenye nacho. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini nayo yalipoanza kutoka miaka ya 1970 ikawa hivyohivyo. Norway ikaanzisha mfuko wa akiba wa hela za mafuta 1990. Uingereza ikazitumia zake zilivyokuwa zinaingia, huku miji ya viwanda kama huu ikifungiwa mlango mmoja baada ya mwingine. Nchi ilikuwa na hela. Kuna watu iliamua kuwaacha, na ninawalisha kila siku.

Jahazi:
Kipimo, muombe dada radhi kwanza, ndiyo tuendelee.

Kipimo:
Kwa neno la riziki, dada yangu, nisamehe, nilivuka mpaka. Kwa milioni 20 sirudi nyuma hata hatua moja.

Binti Mlezi:
Yameisha, kaka. Lakini bibi yangu bado hujaniambia umemweka upande gani.