Naomba ushauri: binti wa Kijapani kaniuliza kama nina nafasi tarehe 24 jioni

Wakuu habari zenu, niko Osaka huku nasoma mwaka wa pili huu, sasa kuna binti wa Kijapani tuko naye darasani juzi kaniuliza tarehe 24 Desemba jioni una nafasi, mi nikajibu harakaharaka hapana naenda misa ya mkesha, akanyamaza kabisa. Kumbe bwana huku mkesha wa Krismasi ni mambo ya wapendanao, watu wanatoka wawili wawili kuangalia mataa na kula hotelini, Wakristo wenyewe hawafiki hata asilimia 2 na tarehe 25 watu wanapiga kazi kama kawaida. Sikukuu ya familia kwao ni mwaka mpya. Halafu msosi wenyewe ni kuku wa KFC (tangazo la 1974 ndo liliwaingiza huko, wanaweka oda mapema kabisa 😂) na keki nyeupe ya krimu na stroberi, pilau sahau.

Sasa nimrudie nimwambie misa ikiisha tutoke, au nimwalike kanisani kabisa? Au aliuliza tu mi ndo najipa matumaini? Na zawadi nimpe nini, hela yenyewe ya mwanafunzi. Mliowahi kuishi Japani semeni basi