Re: Windows 11 haioni diski

> Shikamooni wakubwa. Nasakinisha Windows 11, na nikifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, orodha ni tupu. Laptopu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, diski ni NVMe (aina ya SSD ya kasi). Fundi anasema diski imekufa. Ninunue nyingine?

Marahaba dada. Usinunue kitu bado. Washa mashine huku ukigonga F2 uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Baadhi ya laptopu hutumia Del au F10. Diski ikitajwa humo kwa jina na ukubwa wake, mara nyingi haijafa, ila Windows haina draiva (programu ndogo ya kuongea na kifaa) ya kuifikia. Kuanzia kizazi cha 11, laptopu nyingi za Intel hutoka kiwandani VMD ikiwa imewashwa. Hicho ni kidhibiti kinachosimama mbele ya diski, na flashi ya kusakinishia Windows mara nyingi haina draiva yake.

Ukitumia kompyuta nyingine, pakua draiva ya Intel RST (ndiyo yenye draiva ya VMD) kutoka ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu yako. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaweka faili la .exe kwenye flashi, na Windows hailisomi. Lifumue (extract) kwanza mpaka uone mafaili ya .inf, .sys na .cat, kisha nakili folda nzima. Kwenye ile orodha tupu bofya "Load driver", onyesha folda, chagua jina lenye neno VMD. Diski itatokea.

Kuzima VMD ndani ya BIOS nako kunafaa, mradi diski haina kitu unachokihitaji. Kama kuna Windows ya zamani, itagoma kuwaka na kukuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ukiiwasha tena VMD, kwa kawaida inarudi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba data, tafadhali andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi kabla hujagusa BIOS. Bila ufunguo huo, data haifunguki.

> Yangu diski inaonekana, lakini usakinishaji unakufa, mara kwenye 20%, mara kwenye 60%, na kosa ni jipya kila mara.

Kaka, hapo kwenye "kila mara" ndipo penye jibu. Ingekuwa inafia palepale, ningeshuku flashi au faili la ISO (faili la Windows ulilopakua kutengenezea flashi), na ningekuambia ulinganishe SHA-256 yake, yaani alama ya kuhakiki faili, na ile iliyochapishwa. Kosa linalohamahama mara nyingi huwa ni RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Kusakinisha ni kufumua gigabaiti kadhaa kupitia RAM. Biti moja ikigeuka, faili linakataliwa. Ndiyo maana mashine inaweza kufungua kurasa za intaneti siku nzima bila shida, ikaja kushindwa hapa.

Kama XMP (mpangilio wa BIOS unaoharakisha RAM) imewashwa, izime, kisha endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka flashi nyingine, usiku kucha ukiweza. Mstari mmoja wa kosa unatosha kuwa ushahidi. Halafu zima, chomoa chaja, tenganisha betri, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15, na upime kipande kimoja kimoja cha RAM katika kila tundu. Kosa likifuata kipande, kibadilishe. Likibaki na tundu, tatizo ni ubao. RAM ya laptopu huingia kwa mshazari, kisha unaibonyeza chini mpaka vibanio vya pembeni vilie "tik" pande zote mbili. Upande mmoja usipolia, haijakaa.

Wi-Fi isipotambulika baada ya kusakinisha, chomeka simu kwa waya, washa "USB tethering" (simu kuipa laptopu intaneti), upakue draiva ya Wi-Fi.