Eksteno (diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta) gani ya kutunzia miziki ya nyumbani?

Wakuu habari za jioni, niko Kirumba hapa Mwanza, nina miziki ya marehemu baba niliyoitoa kwenye kaseti na sidii, kama GB 400 za FLAC (mafaili ya sauti yasiyopunguzwa ubora), laptopu imejaa na umeme kwetu unakatika hovyo, nichukue eksteno ya kawaida au SSD (isiyo na kitu kinachozunguka ndani)?

— Pole mkuu. Chukua ya kawaida TB 1 ila nunua mbili, hiyo miziki ya mzee ikipotea hairudi tena aisee.

— Ya kawaida ina sahani inazunguka ndani, ikianguka ikiwa inafanya kazi imekwisha. Mi nasikiliza kutoka kwenye SSD, ya kawaida yenye nakala nimeiweka kwa dada kule Nyegezi.

— Ijaribu kwanza kabla hujafuta kwenye laptopu, mi niliuziwa flashi feki, imeandikwa GB 512 kumbe ndogo, nyimbo zikaharibika, iliniuma sana.