Kufungua magazini (duka) katikati ya Lubumbashi: bado kuna faida?

KijanaKatuba

Jambo yenu wote. Nauliza wanaoijua vizuri Lubumbashi, hasa wakubwa. Ninatengeneza simu na kompyuta, kibanda changu kiko Katuba mbele ya nyumba ya mama. Kazi ninayo, lakini wateja wa maofisi hawafiki huku. Sasa nimepata nafasi ya magazini ndogo mjini, si mbali na Place de la Poste, chini ya baraza la nyumba ya zamani ya Wabelgiji. Mwenye nyumba anataka kodi kwa dola, na garanti (amana) ya miezi sita.

Nilienda kuiona saa sita mchana, watu wamejaa hata pa kukanyaga hakuna. Nikarudi saa mbili usiku: giza, milango ya chuma imefungwa, mlinzi mmoja anaota moto wa makaa. Yaya wangu, aliyenitangulia kuzaliwa, anasema mji umekwisha, makuta (pesa) yamehamia Kolwezi. Papa wangu anasema mji utaamka tu, nikachukue mahali kabla wengine hawajachukua. Nimsikilize nani?

BelAir_Simu

Ndugu, chukua. Mimi nauza simu mjini na sijaona hicho kifo. Watu wa mitaa yetu ya Kenya, Kampemba, Ruashi, wote wanashuka mjini kununua. Usiku unautakia nini? Mteja wa simu anakuja mchana.

Kinachotuua ni karatasi. Kila wiki anaingia mtu mwingine na kitabu chake cha risiti, na kila mmoja anasema yeye ndiye Leta, yaani serikali. Weka makuta ya hao pembeni tangu mwezi wa kwanza, maana kwenye garanti hawamo.

MstaafuReli

Yaya wako hajasema uongo. Jimbo la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015, Kolwezi ikawa mji mkuu wa jimbo jipya la Lualaba, na sehemu kubwa ya migodi mikubwa ikabaki upande ule. Hata hii reli ya Lobito inayozungumzwa kila siku, ikitoka Angola inaingia kwa Dilolo na kukutana na Kolwezi kabla yetu. Mimi nilifanya kazi kwenye reli. Treni ya abiria ilipokuwa inafika, mji mzima ulikuwa unauza: mikate, vitambaa, vyumba vya kulala. Gari moshi likikosa kuja, stesheni inakuwa ukuta tu. Fikiria sana, mwanangu.

MamaCherehani

Mwanangu wa Katuba, nisome polepole. Mimi ni mshonaji, nimeshona chini ya baraza mjini tangu wanangu wakiwa wadogo, na sasa wao wenyewe wana watoto. Ndugu wa Bel-Air amesema kweli kuhusu mchana. Mchana mji umejaa kuliko nilipoanza. Lakini nyumba za mjini zinaoza, na zinaoza kwa sababu hakuna mtu anayelala ndani yake.

Juu ya magazini yangu kuna etaji (ghorofa) yenye vyumba vinne. Sakafu ni ya granito, ile yenye vijiwe vyeusi na vyekundu, na ukiipitisha kitambaa chenye maji inang'aa hata leo. Kuna balkoni, kuna jiko lenye bomba lake. Mlangoni chini bado viko vitufe vinne vya kengele, na kimoja kina kijikaratasi chenye jina la Kigiriki, wino umegeuka rangi ya chai. Vyumba vyote vinne vimejaa katoni za sahani mpaka darini. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye tundu la bati ambalo hakuna anayelijua, kwa sababu hakuna anayeamka usiku akasikia matone. Yanateremka ndani ya ukuta, yanatokea kwangu. Gauni la bibi arusi limewahi kupata doa la kutu siku mbili kabla ya harusi, nikalishona upya kwa kitambaa changu.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya hilo. Wazee wetu walikatazwa kulala hapa. Wabelgiji walipoanzisha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi hii, mwaka 1910, mji walijipangia wao. Katika miaka ya 1920 mtaa wa Waafrika ukasogezwa kwenda Kamalondo, na katikati wakaacha eneo tupu ili watu wasikaribiane. Mwafrika kuonekana upande wa wazungu usiku ilihitaji karatasi. Babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu, na alihesabu dakika za kutoka. Uhuru ulikuja, sheria ile ikafa. Lakini tazama saa kumi na moja jioni: wote tunakimbilia basi kana kwamba kuna polisi nyuma yetu. Mji ni wetu na hatulali ndani yake.

Waliokuwa wanalala juu ya magazini zao walikuwa Wagiriki, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Wahindi, Wareno. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza zairianisation, magazini za wageni zikapewa watu wetu. Wengi wa waliopewa waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, hawakuagiza vingine. Mwaka 1991 ukaja uporaji, na rafu zenyewe zikabebwa. Na miaka ileile Gécamines, kampuni ya Leta ya migodi, ilikuwa inaanguka. Hapo usidanganywe na mtu: mji huu ulilishwa na shaba. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na mwaka 1994 haikufika 40,000. Mfanyakazi aliyepokea mshahara na mposho ndiye aliyekuja kwangu kushonesha suti ya Pasaka. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa ile waliyoiita départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Wateja wangu wa Pasaka walikuwa humo.

Baadaye, wakati wa gavana Katumbi, barabara zilipata lami na mji ukapumua. Nilifurahi, sikatai. Ila lami ilimsaidia mtu kufika mjini na kuondoka haraka.

Mzee wa reli, nakuheshimu sana, lakini kijana huyu asingoje Lobito. Nimeona kwa macho yangu kinachoamsha mji. Siku za Biennale, maonyesho ya sanaa yaliyoanzishwa na wasanii wa kundi la Picha mwaka 2008, watu wanatembea jioni kutoka mahali hadi mahali kuangalia picha. Jioni moja niliacha mlango wazi na taa imewaka, na nikapokea vipimo vya wateja watatu ambao mchana wasingepata muda. Hawakuletwa na treni wala na mgodi. Taa ilikuwepo na watu walikuwepo, basi.

Ndiyo maana nasema wenye nyumba watoe katoni, waweke watu. Wauguzi wa hospitali ya Sendwe wanaotoka zamu usiku, walimu, vijana wanaoanza ndoa, wangechukua vyumba hivyo kesho kama mkataba ungekuwa wa haki na kuranti (umeme) ingekuwepo. Basi la saa tatu usiku lingepata abiria. Mama wa mikate angekaa mpaka saa nne. Na bati likitoboka, kuna mtu angepiga kelele usiku huohuo.

BelAir_Simu

Mama, nimekuelewa, lakini depo (ghala) inalipa kuliko mpangaji, tena hailalamiki. Mwenye nyumba gani ataikataa?

MamaCherehani

Inalipa leo, papa. Nyumba ya jirani yetu ilikuwa depo tupu, dari ikaanguka juu ya mali ya watu, na sasa mwenyewe anatafuta wa kuinunua kwa bei ya kiwanja. Mwenye nyumba wangu nimeshampandisha juu akaona mbao zilivyooza. Chumba kimoja amekitoa kwa mjomba wa mlinzi, na tangu siku hiyo lile tundu la upande wake limezibwa.

KijanaKatuba

Aksanti sana, wakubwa. Mama, umenigusa, maana juu ya hiyo magazini kuna vyumba viwili, na mwenye nyumba alisema ni vya kuweka vigae. Sina mke bado, ningeweza kulala hapo. Nimwambieje?

MamaCherehani

Usimpe garanti ya magazini peke yake. Mwombe magazini na chumba kimoja juu kwa mkataba mmoja, na mwandike kwamba ukitengeneza bati, gharama inakatwa kwenye kodi. Kabla ya kusaini, mwombe karatasi za SNEL, kampuni ya umeme, kwa sababu deni la mpangaji aliyetoka watalidai kwako. Angalia pia mfereji wa mbele ya baraza: ukikuta sacheti za maji zimejaa mpaka juu, jua kwamba mvua kubwa itaingia na kompyuta za watu ziko chini.

Mimi na mwenye duka la dawa tunalipa mlinzi pamoja na tunanunua balbu za baraza kwa zamu. Ukiwa karibu yetu tutagawana kwa watatu. Nenda tena kuiona siku mvua inanyesha, ukapande juu na tochi, halafu uniandikie hapa umekuta nini.