Mliozaliwa kwenye familia za muziki, vipaji vyenu mlivipataje? Tupeane uzoefu

Mama Kijacho (mleta mada)
Wakuu, mume wangu gitaa, baba mkwe gitaa, shemeji ndiyo usiseme. Mwanangu ana miaka 11. Kila jioni anawekewa gitaa mapajani, na kila jioni kilio. Mliopitia haya mlitokaje?

Sauti ya Chura
Kwetu wote kwaya. Mimi niliambiwa nifungue mdomo tu, sauti nisitoe. Leo ndiye fundi mitambo, nikizima maiki hakuna mwimbaji.

Mwana wa Ng'ambo
Umenitonesha. Nimezaliwa Unguja, baba fidla, bibi mwimbaji. Nilipofika miaka 12 nikapewa fidla, kuulizwa hakuna. Harusini siku hiyo, mama mmoja kainuka kwenda kutuza, noti juu, ukumbi wote unamtazama, mimi mkono ukaniganda. Wenzangu wamefika kwenye kiitikio, mimi nasaga mlango wenye kutu. Baba hakusema neno. Alininyang'anya fidla begani, akailaza chini ya kiti, akaendelea na yake. Nikakaa pale mpaka saa nane usiku, mikono mapajani, natazamwa.

Ila usiku huo ndio nilioisikia kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi za kudonoa. Ilikuwa masika, na ngozi yake ikishika unyevu hulegea, sauti zikashuka. Nyuzi zake huenda tatu tatu kwa sauti moja. Nikasikia mmoja umewaacha wenzake. Nikamnong'oneza mzee wa kanuni, "Huo wa kati." Akanitazama, akanipa ufunguo wa kukazia nyuzi. Sasa natengeneza ala. Fidla sijaigusa tena.

Kimya Kimya
Duh. Hapo kwenye "natazamwa" nimeumia.

Mjuzi
Kanuni ina nyuzi 72.

Pwani Moja
78 mkuu, 26 mara tatu.

Kimya Kimya
Inategemea kanuni yenyewe. Mwenzenu anasimulia machungu, nyie mnahesabu nyuzi!

Mbishi
Mambo ya ukoo mnayakuza. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka kwa wafinyanzi wa Fumba, akitembeza vyungu. Mwaka 1928 akarekodi santuri Bombay.

Mjuzi
Na ukoo wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, je? Nao walitembeza vyungu?

Binti Mgogo
Kwetu Ugogoni wanawake ni ngoma za muheme, zeze la wanaume. Ilimba ya kaka, ile marimba ya vidole gumba, nilikuwa naiiba akienda kuchunga. Siku nilipokamatwa nilichapwa, halafu babu akasema, "Haya, rudia ile ya mwanzo."

Mbishi
😂 Babu mnafiki.

Binti Mgogo
Babu yangu mwachie mwenyewe, tafadhali.

Pwani Moja
Dada, mnyime gitaa mwezi mzima. Atalitafuta mwenyewe.

Sauti ya Chura
Usithubutu, mtoto akiacha leo ameacha. Au mpeleke mpira, gharama ni viatu tu.

Mama Kijacho
Jamani, nimetoka kumchungulia. Ana bisibisi, gitaa la babu yake kalifungua lote, skrubu kazipanga kwenye sahani. Baba yake anarudi saa moja. Mwana wa Ng'ambo, bado upo hewani?